Miguu, droni au setilaiti: namna ya kukagua mabwawa ya tope na ardhi iliyofukiwa kwenye machimbo ya Tabora

Mvua za Tabora huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei, na karibu kila uzembe wa machimbo ya wazi hujianika ndani ya miezi hiyo. Kifusi kinateremka, bwawa la kutuamisha tope linafurika, mteremko uliosawazishwa vizuri mwezi Agosti unakuwa na makorongo kabla ya Krismasi. Hasara ya kwanza haimfikii mwenye leseni. Inamfikia jirani wa bondeni, ambaye lambo lake la kunyweshea ng'ombe limejaa tope au majaruba yake ya mpunga yamefunikwa na mchanga kutoka juu.

Siku hizi wasimamizi wa machimbo ya kokoto, vikundi vya wachimbaji wenye leseni ndogo na hata kamati za mazingira za vijiji huko Nzega na Igunga wanauliza swali moja: tuendelee kukagua kwa miguu kama zamani, tukodi droni, au tutumie hizi picha za setilaiti ambazo vijana wanasema ni za bure? Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yao.

Tuelewane kwanza ninazungumzia nini. Bwawa la kutuamisha tope ni lile linalopokea maji ya mvua kutoka eneo la kazi na kuyapunguza kasi, ili udongo ubaki chini na maji yatoke yakiwa safi kabla ya kuingia mtoni. Bwawa la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa dhahabu, lenye sianidi au zebaki ni jambo jingine kabisa. Lile lina wahandisi wake na masharti yake, na hakuna njia kati ya hizi tatu inayotosha peke yake kulisimamia. Ardhi iliyofukiwa nayo ni ile ambayo shimo limefukiwa, mteremko umelazwa, udongo wa juu umerudishwa na nyasi au miti imepandwa.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa maswali yale yale. Inaona nini bwawani? Inaona nini kwenye ardhi iliyofukiwa? Inadai fedha na ujuzi kiasi gani? Inafanyaje mvua inaponyesha? Na inakupa ushahidi wa namna gani mbele ya Afisa Madini Mkazi, NEMC (baraza la taifa la mazingira), bodi ya maji ya bonde au jirani mwenye hasira? Mwisho nitasema inamfaa nani.

Kigezo cha mvua nakipa uzito kuliko vingine. Ukaguzi uliofanywa Julai, bwawa likiwa kavu na ardhi imeshikamana, unakuonyesha umbo la vitu. Kama vitu hivyo vinafanya kazi, utajua Januari.

Kukagua kwa miguu

*Bwawani.* Hapa miguu inaona mambo ambayo chombo cha angani hakiyaoni kabisa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usianzie juu ya tuta, mahali kila mgeni anaposimama kupiga picha. Shuka uanzie kwenye kitako cha tuta, upande mkavu, utembee polepole ukitazama chini. Unatafuta unyevu: nyasi zilizo kijani kuliko wenzake, udongo unaobonyea, maji yanayochuruzika. Ukiyapata, kinga kidogo kwenye chupa nyeupe ya plastiki, iinue kwenye mwanga. Yakiwa maangavu, tuta linavuja kama matuta mengi ya udongo yavujavyo; weka kigingi, andika tarehe, urudi kulinganisha kama yameongezeka. Yakiwa na rangi ya udongo, maana yake tuta linaliwa kutoka ndani. Kuna tundu linakua pale katikati, na linaweza kufika upande wa maji ndani ya muda mfupi sana. Hilo halisubiri kikao. Maji yapunguzwe bwawani, watu wa chini waambiwe, mhandisi aitwe siku hiyo hiyo.

Kisha panda juu. Nyufa zinazokwenda sambamba na urefu wa tuta zinaashiria kwamba ubavu unataka kuteleza. Nyufa zinazokata tuta kutoka upande wa maji hadi upande mkavu ni njia ya maji iliyokwisha kufunguka, inangoja tu maji yapande. Angalia vichuguu. Mchwa wa Unyamwezini wanapenda sana matuta ya udongo mwekundu, na njia zao zinaingia ndani kuliko unavyodhani. Angalia pia miche ya miti iliyojiotea: ing'oe ikiwa midogo, kwa sababu mti mkubwa ukifa juu ya tuta, mizizi ikioza huacha mifereji.

Njia ya kumwagia maji ya ziada ikaguliwe kwa mikono. Mara nyingi utakuta imezibwa na nyasi, chupa na matawi, au utakuta mtu ameipanga mawe makusudi ili maji yabaki mengi kwa ajili ya mifugo. Aliyepanga ana haja ya kweli na hana nia mbaya, ila amelipunguzia tuta nafasi yake ya usalama. Ongea naye, mtafutieni mahali pengine pa kunyweshea, halafu mawe yaondolewe.

Kina cha tope hupimwa kwa nguzo yenye alama iliyosimikwa bwawa likiwa kavu. Mafundi wengi husafisha tope likifika nusu ya nafasi iliyotengwa. Tope huanza kujaa pale maji yanapoingilia, kwa hiyo nguzo moja karibu na tuta itakudanganya. Weka ya pili mlangoni.

Jaribio moja zaidi lisilogharimu kitu: jaza chupa kwa maji yanayotoka bwawani, iache mezani usiku kucha. Mchanga hutuama papo hapo, udongo laini huchukua saa, na mfinyanzi mwembamba kabisa unaweza kuelea siku kadhaa. Asubuhi ukikuta maji bado mekundu, kupanua bwawa peke yake hakutakusaidia sana. Tatizo liko juu, kwenye mteremko ulio wazi, na tiba yake ni nyasi, matandazo na mitaro ya kukinga maji.

*Kwenye ardhi iliyofukiwa.* Chimba kidogo kwa jembe uone kama udongo wa juu upo kweli au ni kifusi kilichopakwa rangi ya udongo. Fuata mifereji midogo ya mmomonyoko. Ikiwa ya kina cha kidole, majani na mawe yanatosha kuizuia, ikifika goti inataka mitambo. Nyufa za upinde na madimbwi mapya mahali palipokuwa tambarare yanasema shimo linatitia. Nyoosha kamba ya mita 50, hesabu miche iliyo hai na iliyokufa pande zote mbili. Kinyesi cha mbuzi nacho kinakueleza uzio unafanya kazi au la.

*Fedha na ujuzi.* Buti, tepu, daftari, simu. Gharama kubwa ni muda, na ni muda wa mtu anayejua anachotafuta. Udhaifu wa njia hii uko hapa: mtu hutembea pale alipozoea kutembea. Eneo likiwa kubwa, kona ya mbali yenye miiba haikaguliwi miaka nenda miaka rudi.

*Wakati wa mvua.* Ndipo inapong'aa. Siku moja baada ya mvua kubwa ni siku ya thamani kuliko wiki nzima ya kiangazi. Nendeni wawili, na mtu asikanyage tope la bwawani. Juu linaonekana limekauka, chini halina msingi.

*Ushahidi.* Maneno ya daftarini peke yake ni mepesi. Yatie uzito kwa kusimika vigingi vya zege na kupiga picha kila mwezi ukisimama pale pale na kuelekeza simu upande ule ule. Mfululizo wa picha kama huo unamaliza ubishi mwingi.

*Inamfaa nani.* Machimbo madogo, mashimo ya moramu na kokoto, kamati za kijiji, na kila mwenye tuta lenye maji nyuma yake.

Droni

*Bwawani.* Droni inaona umbo zima kwa mara moja: mstari wa maji, mahali tuta lilipozama, mtaro uliohama njia, tope jekundu linavyotandaa kutoka mlangoni. Kazi yake nzuri kuliko zote inafanyika kiangazi bwawa likiwa tupu. Hupiga mamia ya picha zinazopandana, programu inaziunganisha kuwa ramani ya miinuko, na ukiitoa kwenye vipimo vya bwawa lilipojengwa unapata ujazo wa tope lililoingia. Hapo utajua idadi ya malori ya kukodi badala ya kukisia. Bwawa likiwa na maji, haioni chini ya maji. Na mchirizi mdogo kwenye kitako cha tuta, uliofichwa na nyasi, itaupita bila kuuona.

*Kwenye ardhi iliyofukiwa.* Hapa ni hodari. Makorongo yanaonekana yote, pamoja na yale ya kona ya miiba. Ukirudia safari mwaka unaofuata, unaweza kulinganisha miinuko na kuona wapi udongo umeondoka na wapi umetitia. Tahadhari moja: picha hupima juu ya nyasi, si juu ya udongo. Nyasi zikiwa za kiunoni, ramani itakuonyesha ardhi imepanda. Ruka mwishoni mwa kiangazi nyasi zikiwa zimelala, na kila mwaka iwe majira yale yale.

*Fedha na ujuzi.* Kununua chombo si mwisho wa gharama. Kuna betri, ambayo kwa droni ndogo nyingi inadumu takriban nusu saa au pungufu, kuna kompyuta yenye nguvu, na kuna mtu wa kuichakata kazi. Vipimo vikitakiwa kuwa vya kuaminika kwa sentimita, mpima ardhi aweke alama ardhini kwanza. Tena kuna sheria: droni nchini husajiliwa na kuruka kwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na idhini ya upande wa ulinzi inahusika. Anzeni taratibu hizo mapema, na waambieni viongozi wa kijiji kabla ya siku ya kurusha. Chombo kinachonguruma juu ya nyumba za watu bila taarifa kinaleta maneno, na watu wana haki ya kuuliza.

*Wakati wa mvua.* Haipendi mvua wala upepo mkali. Inatumika vizuri kwenye mapumziko baina ya mvua, asubuhi kukiwa kumetulia.

*Ushahidi.* Ni mzito na unaeleweka hata na asiyesoma ramani. Ukikaa na wazee wa kitongoji ukawaonyesha picha ya eneo lao kutoka juu, mazungumzo yanabadilika; kila mtu anatafuta shamba lake, kisha anafuata mtaro kwa kidole mpaka unapomwaga maji.

*Inamfaa nani.* Machimbo ya kati na makubwa, mkandarasi anayetakiwa kukabidhi eneo kwa vipimo, na vikundi vinavyoweza kuchangishana wakamkodi mtaalamu mara moja kwa mwaka.

Picha za setilaiti

*Bwawani.* Niseme wazi: kwa bwawa dogo hazifai. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo picha zake ni bure, huona kwa vipande vya mita 10 kwa 10. Bwawa la mita 20 kwa 15 ni vipande 3 tu kwenye picha, na vyote vina ukingo ndani yake. Bwawa la hekta kadhaa ni habari nyingine. Hapo unaona maji yakipanda na kushuka, hata rangi yake ikibadilika. Lakini uvujaji, nyufa, mchwa, njia ya maji iliyozibwa, hivyo vyote haviko kwenye picha hizo.

*Kwenye ardhi iliyofukiwa.* Kwenye ardhi zinalipa deni lote. Kurudisha ardhi ni kazi ya miaka, na setilaiti ina kumbukumbu ya miaka. Sentinel-2 ilianza kurushwa 2015, na tangu 2017 setilaiti mbili zimekuwa zikipita mahali pamoja kila baada ya siku 5. Landsat ya Marekani inarudi nyuma hadi 1972, kwa hiyo unaweza kuona eneo lilivyokuwa kabla ya shimo la kwanza. Anayetaka kujifunza aangalie Lusu, Nzega, palipokuwa na mgodi wa Golden Pride uliofanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2013 hivi. Mashimo na vilima vya kifusi vinasomeka vizuri kutoka angani.

Uoto hupimwa kwa kulinganisha mwanga mwekundu na ule usioonekana kwa macho, ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi. Lakini kwetu kipimo hicho kinahitaji akili ya mtu wa miombo. Miti ya miombo hutoa majani mapya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, wakati nyasi zimekauka. Februari kila kitu ni kijani, hata magugu yasiyoshika udongo. Kwa hiyo linganisha mwezi kwa mwezi ule ule, mwaka hadi mwaka. Picha za mwisho wa kiangazi zinakuonyesha miti iliyoshika. Za Februari zinakuonyesha kama kuna kifuniko chochote. Na kuanzia Juni angalia makovu ya moto, maana moto mmoja wa nyika unaweza kurudisha nyuma upandaji wa misimu miwili.

Kipimo cha mafanikio nacho kitoke hapa hapa. Linganisha ardhi iliyofukiwa na ngitili iliyo jirani, lile eneo la malisho ambalo Wasukuma na Wanyamwezi hulifunga ili lipumzike. Ngitili imekwisha kuthibitisha nini kinaota kwenye udongo ule na mvua ile. Katika mkoa jirani wa Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulirudisha uoto kwa kujenga juu ya desturi hiyo hiyo. Mgodi ukipanda safu za mti mmoja wa kigeni utaonekana kijani kwenye picha, na pembeni yake ngitili itakuonyesha tofauti.

*Fedha na ujuzi.* Picha ni bure, intaneti na muda si bure. Kijana anayejua kompyuta hujifunza misingi haraka. Kutafsiri ndiko kunakohitaji mtu anayelijua eneo.

*Wakati wa mvua.* Huu ni udhaifu wake mkubwa. Desemba hadi Machi mawingu yanaweza kukufungia wiki nyingi mfululizo, yaani siku zile zile unapotaka kuona. Setilaiti za rada hupenya mawingu na kuonyesha mahali maji yalipotanda, ila kuzisoma ni kazi ya mtaalamu.

*Ushahidi.* Hakuna anayeweza kudai umeipiga picha upendavyo. Mtu wa tatu ameipiga, tarehe ipo, na yeyote anaweza kuifungua akahakiki. Kwa kijiji kinachobishana na kampuni kuhusu kama eneo limepona, hiyo ni nguvu kubwa.

*Inamfaa nani.* Halmashauri na maofisa wanaofuatilia machimbo mengi kwa pamoja, wanaosimamia ardhi baada ya mgodi kufungwa, na vijiji vinavyotaka historia. Ili ujue muda unaozungumziwa: Marekani, kwenye migodi ya wazi ya makaa ya mawe, sheria ya 1977 ilileta utaratibu ambao mwenye mgodi hubaki na dhamana ya uoto kwa miaka 5, na miaka 10 mahali mvua haizidi takriban milimita 660 kwa mwaka. Wakati huo huo mkaguzi hutakiwa kufika eneo la mgodi unaofanya kazi kila mwezi, na kufanya ukaguzi kamili kila robo mwaka. Picha za angani hazikumfuta mtu wa miguu.

Uchague nini, kulingana na hali yako

Una shimo la moramu au kokoto na bwawa moja dogo: tembea. Kila wiki wakati wa mvua, na siku inayofuata kila mvua kubwa. Fedha ya droni inunulie mbegu za nyasi na vigingi vya zege.

Mna leseni ndogo kadhaa zinazopakana na maji yenu yote yanashukia korongo moja: tembeeni kila kikundi kwake, lakini changeni droni mara moja kila Oktoba. Mtajua tope la nani linakwenda wapi kabla ya kulaumiana, na mtaona pia nani amesogea ndani ya zile mita 60 za ukingo wa mto zinazolindwa kisheria.

Wewe ni mkandarasi wa barabara au reli uliyechimba udongo sehemu nyingi na unatakiwa kuzikabidhi: droni kabla ya kuanza, droni baada ya kufukia, na ya mwisho baada ya msimu mmoja wa mvua kupita. Ukikabidhi kiangazi kabla ardhi haijanyeshewa, hujakabidhi kitu kilichojaribiwa.

Ninyi ni kamati ya mazingira ya kijiji na mgodi mkubwa uko juu yenu: pakueni picha za setilaiti za miaka iliyopita, chagueni mahali panaponyauka kila kiangazi, kisha ombeni kwa barua kutembezwa pale pale. Nendeni na mchungaji mmoja anayepita huko kila siku, na nendeni na chupa nyeupe kwa ajili ya kitako cha tuta.

Mgodi umefungwa na wenye mgodi wameondoka: setilaiti mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba, na miguu mara moja baada ya mvua za kwanza kubwa. Kama bwawa bado linashika maji, lihesabuni kuwa bado linafanya kazi na mlikague hivyo, hata kama geti lina kufuli.

Na kama mchirizi kwenye kitako cha tuta umeanza kutoka na rangi ya udongo, acha kusoma ulinganisho. Piga simu kwa mhandisi na kwa mwenyekiti wa kitongoji cha chini, kwa mfuatano wowote utakaowapata.